Sadaka ya Maji: Kisima, Mfereji na Karo katika Historia ya Mji wa Unguja

Mkaazi wa mjini Unguja akitaka maji hufungua mfereji. Mwenzake wa Dar es Salaam hufungua bomba. Kitu chenyewe ni kimoja, kipande cha chuma chenye koki, lakini majina yake mawili yametoka mbali na hayakutoka mahali pamoja. Kwa wakulima wa Upare na Kilimanjaro, mfereji ni njia iliyochimbwa ardhini ili maji yateremke yenyewe kutoka mlimani hadi shambani, na hiyo ndiyo maana inayotangulia katika kamusi za Kiswahili sanifu. Bomba ni neno la Kireno, na kwa wenyewe Wareno ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji. Neno la kwanza linakumbuka maji yanayoshuka. La pili linakumbuka maji yanayosukumwa. Historia ya maji ya kunywa mjini Unguja imepita hasa baina ya hali hizi mbili, ingawa wasemaji hawana haja ya kulikumbuka hilo kila wanapojaza ndoo.

Liko na neno la tatu, ambalo halitajwi sana mbele ya wageni. Karo, kwa matumizi ya Unguja, ni shimo lililochimbwa na kufunikwa nyuma ya nyumba, ambamo humo huingia maji machafu ya choo na ya kuogea. Wanaoandika juu ya maji husahau karo, na wanaoandika juu ya vyoo husahau kisima, hali mjini Unguja kisima na karo vimekuwa majirani wa ukuta mmoja kwa miaka mingi, juu ya ardhi ya mawe ya matumbawe yenye vitundu vinavyopitisha maji kwa wepesi.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kwa muda mrefu maji mjini Unguja yalitolewa na kupokewa kama sadaka. Zamani sadaka hiyo ilikuja pamoja na fungu la utunzaji wake. Fungu hilo lilipotea njiani wakati kisima kilipogeuka mfereji, na uchafu unaotokana na maji hayo haukupata mfadhili hata siku moja.

Kisima na wakfu

Kisima ni neno la Kibantu, tena la kale. Wanyanja husema chitsime na Washona husema tsime, kwa hiyo watu wa mwambao walikuwa na jina la kitu hicho kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga pwani yao. Maneno yaliyokuja na biashara na dini yalikuja juu ya msingi huo: birika, hamamu, udhu, tohara. Yote haya ni ya Kiarabu au yamepitia Kiarabu, na yote yanahusu maji yaliyokwisha kutolewa kisimani na kuwekwa mahali kwa shughuli maalumu. Mgawanyo huu wa msamiati unaeleza mengi. Kuchimba kulikuwa ni ujuzi wa wenyeji. Kuyapangia maji adabu na taratibu za ibada kulikuja na Uislamu.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alipendezwa na milango ya misikiti ya mji huo. Anasimulia kuwa penye kila mlango palikuwa na kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu, na kwamba watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuambiwa kuwa chombo hicho, kwa sura yake, ni kata. Ardhi ya pembeni ilisakafiwa, na aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza. Kilwa kwenyewe, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne hiyo hiyo ya 14, palikuwa na hodhi la kuogea lenye pembe nane. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana visima, mahodhi na vyoo vya mawe. Lamu, nyumba za mawe zilikuwa na birika ndani ya chumba cha kuogea, na wenye nyumba walifuga humo visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Hii ni kazi ya afya iliyofanywa bila ya kuitwa afya, na yafaa wanaodhani kuwa usafi uliletwa mwambaoni na mabwana afya wa kikoloni wakumbushwe.

Lakini maji ya msikiti hayakuwa mali ya mtu. Yalikuwa sabili, yaani yametolewa katika njia ya Mungu, na kutokana na neno hilo Kiswahili kimepata kitenzi kusabilia, ambacho leo kinatumika hata kwa mtu anayeitoa nafsi yake kwa ajili ya wengine. Katika mafundisho ya Kiislamu, kuchimba kisima ni katika sadaka zenye kuendelea, ambazo thawabu zake humfikia mtoaji hata akiwa kaburini. Wanasheria walikwenda mbali zaidi wakaitambua haki ya kiu: mwenye kisima, hata kiwe ndani ya kiunga chake, hana ruhusa ya kumnyima mtu au mnyama maji ya kunywa. Hata neno sharia lenyewe, kwa maelezo ya wanaleksikografia wa Kiarabu, asili yake ni njia iendayo penye maji.

La kuzingatia zaidi, na ambalo hupitwa haraka, ni upande wa pili wa sadaka hiyo. Mtu aliyejenga msikiti hakuishia kwenye kuta. Aliuwekea shamba la minazi, nyumba au maduka, akayafanya wakfu, ili kodi na mazao yake yalipie mafuta ya taa, mikeka, posho ya muadhini, na ukarabati wa kisima na birika. Kamba ilipokatika palikuwa na fungu la kununulia nyingine. Kisima kilipojaa mchanga palikuwa na ujira wa mchimbaji. Mtumiaji hakulipa, lakini si kweli kwamba hapakuwa na malipo. Malipo yalikwisha kutengwa kabla ya ndoo ya kwanza kuteremshwa. Wakfu ulikuwa na dosari zake, na mahakama za makadhi zilishughulika sana na wasimamizi waliokula mali za misikiti. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba kitu kinachotolewa bure lazima kiwe na shamba nyuma yake, lilikuwa wazo madhubuti.

Mji uliokunywa visima vyake

Baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, mji ulikua upesi kuliko visima vyake. Mitumwa, misafara, karafuu na meli za Kimarekani, Kifaransa na Kihindi zilileta watu maelfu katika rasi nyembamba iliyozungukwa na bahari pande tatu na hori upande wa nne. Familia ya mfalme yenyewe haikuwa na shida. Jumba la Mtoni lilijengwa kando ya kijito, na Sayyida Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi nyumba za kuogea zilivyokuwa mahali pa mazungumzo na mapumziko ya siku nzima. Kule Kidichi, ndani ya mashamba ya karafuu, yalijengwa mahamamu kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sayyid Said. Manahodha nao walijua pa kwenda: walijaza mapipa yao Mtoni, si mjini.

Wa mjini walikunywa visima. Kuchota na kubeba kulikuwa kazi ya watumwa, hasa wanawake, na ya maskini waliouza maji kwa mtungi. Nyumba kubwa ya mawe ilikuwa na kisima uani na choo ndani ya kuta, mara nyingine choo cha ghorofani chenye bomba la jengo lililoteremka hadi shimoni chini. Baina ya shimo na kisima palikuwa na hatua chache za matumbawe. Vibanda vya ng'ambo ya hori havikuwa hata na hicho; uchafu wao ulikwenda ufukweni au horini, ukasubiri bamvua. David Livingstone, aliyefika mwaka 1866, alifanya mchezo wa maneno juu ya jina la Zanzibar ili kulifananisha na uvundo. Kejeli yake inakera, hasa kwa kuwa miaka minane tu kabla ya hapo Bunge la nchi yake lilishindwa kukaa kwa starehe kwa sababu ya harufu ya mto Thames. Juu ya jambo lenyewe, lakini, hakusema uongo.

Kipindupindu kiliupiga mji huo mara kadhaa katika karne ya 19: mnamo 1836 na 1837, kisha 1858 na 1859, kisha 1869 na 1870. Juu ya wimbi hilo la mwisho yapo maandishi ya James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akiishi mjini, ambaye kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki kinastahili kusomwa na wanafunzi wa historia ya mwambao zaidi kuliko kinavyosomwa. Christie hakutosheka na dhana kwamba maradhi huja na meli tu. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara, akafuata habari hatua kwa hatua, akaonyesha kuwa safari hii ugonjwa ulishuka kutoka kaskazini kwa njia ya bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka bahari. Katika mji aliangalia mitaa, maji na namna watu walivyoishi. Kinachojitokeza katika kitabu chake ni mji ambao maradhi yanaweza kuingia kwa mlango wowote, yakifika yanakuta kila kitu tayari.

Mfereji wa Sayyid Barghash

Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia mwaka 1870, yaani mara tu baada ya msiba huo, hadi alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1872 tufani ilivunja merikebu zake na mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata alilazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mtawala aliyebanwa namna hiyo alitafuta mahali ambapo mamlaka yake bado yangeonekana, na maji yalikuwa mojawapo. Aliyavuta kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji, upande wa Bububu, hadi ndani ya mji wa mawe. Chemchemi ziko juu kuliko mji, kwa hiyo maji yaliteremka kwa uzito wao. Nguzo za mfereji wa aina hiyo zingalipo Marahubi, penye magofu ya jumba lake la mwaka 1882. Inaelekea kuwa ni kutokana na kazi hizi za karne ya 19 ndipo neno mfereji, lililokuwa jina la njia yote, likaja kuwa jina la ncha yake tu, pale mtu anapokingia ndoo.

Wanahistoria huuliza Barghash aliyatoa wapi mawazo hayo. Jibu la kawaida ni safari yake ya Uingereza ya mwaka 1875. Lipo jibu la karibu zaidi. Baada ya kushindwa kumpindua ndugu yake Majid mwaka 1859, Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay akakaa huko hadi 1861. Ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1860, ndipo mji wa Bombay ulipokamilisha bwawa la Vihar na kuanza kupokea maji ya mabomba kutoka nje ya mji. Kijana wa kifalme asiye na kazi, katika mji ambao habari kubwa ya mwaka ni maji, hangekosa kuyaona. Kutoka pwani ya Uhindi pia Zanzibar ilipata mafundi, mabati, vioo vya rangi na milango ya nakshi; si ajabu ikapata na wazo la mfereji. Mahamamu ya umma ya Hamamni nayo yalijengwa kwa amri yake, na fundi mwenye asili ya Kiajemi, Haji Gulamhussein.

Jambo moja halikuvuka bahari. London aliyoizuru Barghash ilikuwa ndiyo kwanza inamaliza mtandao wake mkubwa wa mabomba ya majitaka, uliobuniwa baada ya kiangazi cha uvundo cha mwaka 1858. Alionyeshwa mengi. Alileta maji, hakuleta mabomba ya kuyatoa. Hapana haja ya kumlaumu yeye peke yake, kwani miji mingi ya dunia ilianza hivyo hivyo, ikapokea maji mengi zaidi kuliko mashimo yake yalivyoweza kumeza. Lakini sababu nyingine ni ya utamaduni wa utoaji. Mtu huomba dua kwa aliyemnywesha maji. Haifahamiki aliyepata kuombewa dua kwa kuwa alimzibulia jirani yake choo.

Tena, mfereji wa Barghash ulikuwa sadaka ya namna mpya. Watu waliupokea kama walivyopokea kisima cha msikiti, yaani kama hisani ya mtu mmoja kwa umma, na jina lake lilitajwa kwa wema kwa ajili hiyo. Ila uhai wake haukusimama juu ya shamba la minazi lililotengwa kwa kazi hiyo na kulindwa na kadhi. Ulisimama juu ya hazina ya dola. Hazina ikiwa na fedha, bomba lilitengenezwa. Mwaka 1890 dola yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na hisani ya Sayyid ikawa idara ya serikali.

Hori na pande zake mbili

Utawala wa Waingereza hauhitaji kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ulichokifanya kwa maji kilikuwa hasa ni kukipanua alichokiacha Barghash. Alichokifanya kwa taka Mwingereza ni kuchora mstari. Hori lililotenga mji wa mawe na Ng'ambo lilijazwa kidogo kidogo, na juu yake ikapita barabara. Bado watu husema Darajani ingawa hapana tena daraja, na husema Ng'ambo ingawa hapana tena maji ya kuvuka. Mwaka 1923 mchoraji mipango miji H. V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji wa Zanzibar. Mji wa mawe ulipata mabomba ya chini kwa chini yaliyobeba maji ya mvua na ya vyoo pamoja na kuyamwaga baharini bila ya kusafishwa. Ng'ambo, ambako ndiko waliko wengi, ilipata mifereji ya kuchotea barabarani na kuachiwa mashimo yake.

Mfereji wa barabarani uliwaweka wanawake foleni, na foleni ni shule ya lugha. Debe, neno lililotoka Uhindi na kuja na mafuta ya taa, likawa kipimo cha maji. Dumu likaja kuchukua nafasi yake baadaye, na mtungi ukarudi ndani kuwa wa kupozea tu. Mwenye nguo nyingi za kufua alijua ni mfereji gani unaotoka kwa kasi na ni saa ngapi. Ujuzi huu wa ratiba ya maji, ambao hakuna idara iliyouandika, ulirithiwa na mabinti, na ungali ukirithiwa.

Maji ya bure

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliahidi kwamba kilichokuwa cha wachache kitakuwa cha wote: ardhi, elimu, matibabu, na maji. Maji ya mfereji hayakulipiwa. Kwa mara ya tatu, basi, maji ya Unguja yalitolewa kama hisani. Mtoaji sasa alikuwa Serikali ya Mapinduzi. Tanzania Bara ilipita njia inayofanana. Mwaka 1971 ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji safi karibu na nyumba yake ifikapo 1991, bila ya malipo. Mwaka huo ulipofika lengo lilikuwa mbali, mashine nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera mpya ya maji ikaanza kuzungumza habari ya wananchi kuchangia.

Isifikiriwe kuwa ahadi ya 1964 ilikuwa ya maneno matupu. Mabomba yalifika mitaa na vijiji ambavyo Sayyid wala Mwingereza hawakuvijali. Kasoro yake ilikuwa ileile ya mfereji wa Barghash, sasa kwa kipimo kikubwa zaidi: sadaka bila ya shamba. Na maji yenyewe yalikwisha kubadilika tabia. Chemchemi hazikutosha tena. Visima virefu vilichimbwa na pampu za umeme zikafungwa. Majumba ya ghorofa ya Michenzani, yaliyobuniwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yalihitaji maji yanayopanda. Neno mfereji liliendelea kutumika, lakini maji yalikuwa ya bomba kwa maana ya Kireno, yanayosukumwa, na kila tone lilikuwa na gharama ya umeme ambao Unguja haikuuzalisha. Tangu mwaka 1980 ulipita chini ya bahari kutoka Bara, kwa waya mmoja.

Mradi wa maji wa mjini uliosaidiwa na Finland katika miaka ya 1990 ulitengeneza mengi, na ulirudia kusema lile ambalo wanasiasa hawakupenda kulisikia, kwamba bila ya mapato ya kudumu matengenezo hayatadumu. Sera ya Taifa ya Maji ya Zanzibar ya mwaka 2004 ilikubali uchangiaji, na Sheria ya Maji namba 4 ya mwaka 2006 iliunda Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, yenye uwezo wa kutoza. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Wengi waliuliza vipi maji ya Mungu yatauzwa. Wataalamu walijibu kwamba maji ni ya Mungu lakini bomba si lake, jibu ambalo kwa mantiki ni sahihi na kwa historia ni pungufu, kwa kuwa halikugusa kilichokuwa kikisemwa. Waliolalamika hawakuwa wakidai kuwa kuna kitu kisicho na gharama. Walikuwa wakiuliza ni nani aliye na wajibu wa kuibeba. Wakfu ulijibu swali hilo kwa uwazi: mwenye nacho, kabla, na kwa maandishi. Ankara ya mwezi inajibu vingine, na inamfikia kwa sura moja mwenye hoteli na mama lishe asiyepata maji siku nne kwa wiki.

Giza la mwaka 2008

Mwezi wa Mei 2008 waya wa chini ya bahari uliharibika, na Unguja yote ikakaa bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Mwezi wa Disemba 2009 ulikatika tena, na safari hii giza liliendelea hadi Machi 2010. Habari zilizotangazwa nje zilikuwa za hoteli na watalii. Katika mitaa habari ilikuwa ni maji. Pampu zilisimama, isipokuwa zile zilizopatiwa jenereta, na mifereji ikakauka. Watu walirudi visimani.

Hapo ndipo hesabu ya miaka mia ilipodaiwa. Visima vingi vya zamani vilikuwa vimefukiwa, vimejengewa juu, au vimeachwa bila ya kusafishwa tangu mfereji ulipowafanya watu wavisahau. Vilivyobaki vilikuwa vimezungukwa na makaro. Mitaa iliyoota nje ya mji baada ya miaka ya 1980, bila ya ramani wala mitaro, ilikuwa imechimba karo kila nyumba, mengine yakiwa hayana sakafu kwa makusudi, ili maji yazame na shimo lisijae upesi. Kwa mwenye nyumba karo la namna hiyo ni zuri kwa kuwa halimtaki fedha za kulinyonya. Kwa jirani mwenye kisima ni habari nyingine. Maji matamu ya Unguja ni utando ulioelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe; yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda kutoka chini, na uchafu hushuka kutoka juu.

Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013. Kipindupindu, ambacho kilikuwa kimeonekana tena visiwani mwaka 1978 na mara kadhaa baada ya hapo, hakikusubiri umeme ukatike. Mwezi wa Septemba 2015, wiki chache baada ya kuzuka Dar es Salaam, kilifika Unguja, na hadi katikati ya 2016 zaidi ya watu 4,000 waliugua visiwani. Mvua za masika za 2016 zilijaza mabonde ya Mwanakwerekwe na mitaa ya jirani, makaro yakafurika, na serikali ikapiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani. Muuza juisi alifungiwa biashara. Karo lililoichafua ndoo yake lilibaki pale pale.

Jina la kazi isiyo na mwenyewe

Msamiati unasaidia kuelewa kwa nini. Kiswahili kina choo, neno la Kibantu ambalo kwa pamoja ni kinyesi na mahali pa kukiacha, na kwa kuwa ni wazi mno, adabu imelizungushia maneno mengine: haja, msalani, maliwato, uani. Kila moja ni pazia. Mapazia hayo yana kazi yake katika mazungumzo ya watu wenye heshima, na hakuna anayetaka yaondolewe. Lakini mpango wa mji hauwezi kuandikwa kwa maneno yanayoficha, na waandishi wa sera wa miongo ya karibuni walijikuta wakiunda mapya. Bara walipata jozi nzuri, majisafi na majitaka, maneno mawili yaliyounganishwa kila moja, yakaingia katika majina rasmi ya mamlaka za miji. Mamlaka iliyokuwa ikiitwa ya Majisafi na Majitaka Dar es Salaam iliweza kushindwa kutimiza nusu ya pili ya jina lake hilo, na kwa sehemu kubwa ya jiji ilishindwa. Lakini mwananchi alijua pa kuipeleka lawama.

Zanzibar mgawanyo ni mwingine. ZAWA ni Mamlaka ya Maji. Majitaka na mitaro vimekuwa mikononi mwa serikali za mitaa, kuanzia Baraza la Manispaa la mjini, zenye bajeti nyingine, wahandisi wengine na ramani nyingine. Ofisi moja huleta lita ndani ya nyumba, na ofisi nyingine, isiyojua ni lita ngapi zilizoingia, hutakiwa izitoe. Idadi ya watu wa visiwa, iliyokuwa chini kidogo ya milioni 1 mwaka 2002, ilifika 1,303,569 mwaka 2012 na 1,889,773 mwaka 2022, na walio wengi wameongezeka katika mitaa ya pembezoni mwa mji. Mkopo uliotolewa na Benki ya Exim ya India, wa zaidi ya dola milioni 90, umelipia visima, matangi na mabomba mapya. Kwa mara ya pili maji ya Unguja yana mkono wa Uhindi ndani yake, na kwa mara ya pili sehemu kubwa ya fedha imekwenda upande wa kuyaleta.

Mji wa mawe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mabomba yake ya zamani yaliyofanyiwa matengenezo kwa msaada wa Ujerumani. Nje ya hapo karo ni la mwenye nyumba. Likijaa, hupigiwa simu gari la kunyonya. Gari huja likiweza kupita, na katika vichochoro vingi haliwezi. Asiyeweza kulipa gari huchimba shimo la pili kando ya lile la kwanza, au husubiri mvua kubwa ya usiku na kufungua mfuniko.